Dakika za Mstari wa Tatu

Kwa miaka kumi na moja Mama Kola hakuwahi kunywa maji asubuhi.

Si kwamba maji hayakuwepo. Ndoo ya nyumbani ilijaa siku zote, na mumewe, fundi baiskeli mwenye vidole vyeusi kwa grisi, alikuwa na mazoea ya kumwekea kikombe kimoja mezani kabla hajatoka. Kila alfajiri kikombe kiliwekwa, na kila alfajiri Mama Kola alikipita kama mtu anayempita jirani asiyesalimiana naye. Mumewe hakuuliza. Akirudi jioni alikikuta kikombe vilevile, akamwagia ua la kopo pale dirishani, akaendelea na mambo yake.

Sababu ilikuwa kazini.

Kiwanda kilishona mashati ya shule. Ulikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye paa la bati, na ndani yake mistari sita ya cherehani za umeme, na nyuma kabisa meza za wanaume waliokata vitambaa. Kila mstari ulikuwa na wanawake ishirini na wawili, na shati lilisafiri kutoka mkono hadi mkono: huyu anaunga mabega, yule mifuko, mwingine mikono, mpaka linafika kwa mtu wa vifungo. Yeye alikuwa wa kola, mstari wa tatu. Alishona vipande viwili, akapunguza pembe kwa mkasi, akageuza kwa kijiti, akapiga mshono wa juu, akampitishia mwenzake. Ncha za kola zake zilichongoka kama mdomo wa shomoro, na mtu yeyote pale angekwambia hivyo bila kuulizwa. Ndipo jina likamganda. Jina lake la kuzaliwa wengi hawakulijua.

Sasa, habari ya choo. Karibu na mlango palikuwa na meza ya msimamizi, na ukutani juu ya meza misumari sita, na kwenye kila msumari kibao kidogo chenye namba ya mstari. Mstari mmoja, kibao kimoja. Anayetaka kwenda haja alisimama, akavuka ukumbi macho ya watu yakimfuata mgongoni, akachukua kibao, na msimamizi akaangalia saa na kuandika daftarini. Akirudi, aliandika tena. Msimamizi huyo aliitwa Bwana Dakika, ingawa si mbele yake. Jioni kengele ikilia saa kumi na moja, dakika zote za kibao zilijumlishwa, na mstari mzima ulibaki vitini kuzifidia. Mmoja akikaa chooni dakika kumi, wanawake ishirini na wawili walichelewa dakika kumi kufika kwa watoto wao.

Aliyebuni utaratibu huo hakuhitaji kuajiri askari. Wanawake walilindana wenyewe.

Na Mama Kola, kwa kuwa alikuwa mkubwa na mwenye huruma, ndiye aliyewapokea wageni wa mstari wa tatu. Aliwaonyesha jinsi ya kuweka mto kwenye kiti, jinsi ya kutunza macho, halafu akawainamia sikioni. "Mwanangu, maji ni ya jioni. Asubuhi usiguse. Koo likikauka, lamba midomo. Ukibanwa, bana miguu uhesabu kola, itapita." Aliyasema kwa mapenzi kabisa, kama mtu anayemfunga mtoto sweta. Wakamsikiliza, wakadumu kazini, wakamshukuru.

Basi Jumanne moja akaanza kuungua.

Asubuhi ile alipokwenda haja alihisi kama aliyekojoa pilipili. Alirudi kitini, na kabla hajamaliza kola kumi akabanwa tena. Akaenda, yakatoka matone matatu ya moto, mazito, yenye rangi ya chai iliyochacha. Akarudi. Akabanwa. Kufikia saa nne alikuwa ameshachukua kibao mara nne.

"Mwenzangu, leo umekunywa ziwa?" akauliza Mama Pacha, jirani yake wa kulia, aliyeunganisha kola na shati. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Sijatia hata tone mdomoni."

"Basi yanatoka wapi?"

Kutoka mwisho wa mstari, yule wa vifungo, aliyeitwa Kidomo na aliyestahili jina lake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kuna magonjwa mtu hayapati kwa kukaa peke yake. Kamuulizeni mzee wa baiskeli anazunguka na nani."

Wachache wakacheka. Mama Kola aliinamisha kichwa juu ya sindano. Miaka hamsini na miwili, wajukuu wawili, na leo mtu anamchekea mambo ya chumbani kwake mbele ya watu. Alikasirika, lakini hasira ilikosa pa kwenda. Kwani yeye mwenyewe alijuaje kama Kidomo anasema uongo?

Mchana akapiga chafya, na alipopiga chafya yakamponyoka. Si mengi. Lakini yalitosha, na kiti kilikuwa cha mbao na gauni lilikuwa la rangi ya maziwa. Aliganda pale pale. Mama Pacha hakugeuza shingo. Alinyoosha mkono kwenye kapu la vipande, akatoa kitambaa cheusi kikubwa, akamtupia mapajani na kusema kwa sauti ya kukasirika kabisa, "Kile kiti chako kina msumari, nimekwambia mara ngapi? Kitakuchania gauni. Jifunge hicho mpaka nyumbani." Hakukuwa na msumari wowote. Mama Kola alijifunga kile kitambaa, na hata leo hajawahi kumwambia mwenzake asante, kwa sababu ingebidi kusema kwa nini.

Siku ya tatu homa ikaja. Mgongo ulimuuma chini ya mbavu, upande mmoja, kama mtu aliyemwegemezea jiwe pale. Meno yaligongana ilhali jua lilikuwa linawaka. Mumewe akamfungia mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamsukuma mpaka zahanati kwa miguu, kwa kuwa kila akipanda na kukanyaga, mkewe alilia barabarani kwenye matuta.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa zimekufa. Alimpa kikopo, akapima mkojo, akamgonga kidogo mgongoni chini ya mbavu. Mama Kola akaruka.

"Unaungua tangu lini?"

"Safari hii siku tatu."

"Safari hii?"

Mama Kola akahesabu kimoyomoyo. "Inakuja na kuondoka, daktari. Labda mara tano, sita. Nilikuwa nakunywa maji ya ndimu jioni, inapoa."

Kisha akasema lile lililokuwa limemkaa kooni. Akalisema akiutazama ukuta. "Daktari, mume wangu ni mtu mtulivu. Sijui kama... watu wanasema."

"Watu gani?"

"Wa kazini."

"Hao watu wa kazini wamesoma wapi udaktari?" Daktari akavuta kiti karibu. "Nisikilize, mama. Wanawake wengi sana hupata hili, wenye waume na wasio na waume, hata watawa. Njia yetu ya mkojo ni fupi, vijidudu havitembei mbali kuingia. Na ukishakoma hedhi vinaingia kirahisi zaidi. Mumeo hana kosa. Niambie kitu kingine. Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Kikombe. Kimoja na nusu siku ya joto."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na unakwenda haja mara ngapi ukiwa kazini?"

"Nikiwa mzima siendi. Nakwenda alfajiri, halafu jioni nikifika nyumbani."

"Saa kumi na mbili nzima bila kwenda?"

"Zinapita, daktari. Ukizoea zinapita."

"Hazipiti. Zinakaa." Sauti ya daktari ilikuwa imebadilika. Hakumkasirikia mgonjwa, hilo lilionekana, lakini alikuwa amekasirika. "Maji ndiyo yanayofagia. Wewe hufagii, na uchafu umeufungia ndani kutwa nzima. Vijidudu vinakaa kwenye kibofu, vinazaana, ndipo unaungua. Ukivipuuza, vinapanda. Vyako vimeshafika kwenye figo, ndiyo hayo maumivu ya mgongo. Tumewahi. Nitakuchoma sindano leo, na vidonge umalize vyote, usiache ukipata nafuu. Lakini dawa hizi hazina maana kama utarudi kukaa na kiu. Nani alikufundisha jambo hili?"

Mama Kola alifikiri. "Sikufundishwa. Ila nimewafundisha wengine."

Daktari alichukua karatasi yenye muhuri wa zahanati akaandika barua polepole, kwa herufi zinazosomeka, kisha akamsomea mwenyewe ili awe na hakika ameelewa.

Nje, mumewe alikuwa anafuta tandiko la baiskeli ambalo halikuwa na vumbi.

"Wamesemaje?"

"Ni kiu."

"Kiu?"

"Kiu, na kubana. Imefika kwenye figo."

Mzee akasimama na kitambaa mkononi. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani hupendi maji ninayokuwekea mimi." Na Mama Kola, aliyekuwa na homa na maumivu na dawa ya sindano mwilini, ndipo akalia.

Jumatatu alirudi kazini na chupa ya maji na barua. Bwana Dakika aliisoma akiwa ameketi, midomo ikitembea.

"'Aruhusiwe kunywa maji na kwenda haja kila anapohitaji.' Kila anapohitaji ni mara ngapi?"

"Kila nikibanwa, bwana."

"Kubanwa si kipimo. Mimi naandika nini hapa? Naandika 'amebanwa'?" Aliikunja barua akaiweka chini ya daftari. "Nitaipeleka juu kwa meneja. Mpaka jibu lishuke, utaratibu ni ule ule."

Mama Kola akaenda kitini akanywa maji. Mbele ya mstari mzima, saa mbili asubuhi, aliinua chupa akanywa, na wanawake wakatazama kama wanaotazama mtu anavua nguo. Saa tatu akachukua kibao. Saa nne na nusu akachukua kibao. Ilipolia kengele ya jioni, mstari wa kwanza uliondoka, wa pili ukaondoka, na wa tatu ukabaki. Bwana Dakika alitangaza dakika thelathini na moja, ishirini na mbili kati ya hizo zikiwa za mtu mmoja. Hakumtaja. Alimwangalia tu.

Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa heri wangemgombeza. Walishona kimya, na walipomaliza walichukua mikoba wakaondoka bila kuaga. Ila Kidomo, akipita, aliinama. "Figo ni zako, jioni ni yetu," akasema. Hakuwa na mzaha hata kidogo, na ukweli ni kwamba alikuwa na mama mgonjwa nyumbani anayengoja kulishwa.

Usiku ule Mama Kola alijiambia kwamba kesho atapunguza maji. Nusu chupa. Robo. Apate njia ya katikati.

Ni asubuhi iliyofuata alipomtazama vizuri binti waliyemwita Mgeni.

Mgeni alikaa kushoto kwake, wa mikono ya mashati. Alikuwa na miezi mitatu kazini na miezi saba ya ujauzito, tumbo limeshaanza kumsukuma mbali na cherehani hata ikabidi anyooshe mikono kama anayeogelea. Siku ile alishona mkono mmoja wa shati upande wa ndani ukiwa nje, akaufumua, akaukosea tena. Jasho lilimtiririka kwenye shingo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kiunoni nyuma, chini ya mbavu, unasukuma.

Mama Kola akaliona lile jiwe kabla hajaambiwa.

"Mwanangu. Umekwenda haja leo?"

"Bado, mama."

"Kwa nini?"

Mgeni alitabasamu kwa aibu. "Dakika zako zimejaza daftari, mama. Naona haya kuongeza zangu. Watatuua."

"Unaungua?"

Binti akajibu kwa sauti ndogo, "Tangu Jumamosi."

"Na maji umekunywa?"

Binti akamgeukia kwa mshangao wa kweli, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo mwalimu mwenyewe alishalijibu ubaoni. "Si ulinifundisha, mama? Nalamba midomo."

Mama Kola alitoa mguu kwenye kanyagio.

Kuna hasira ambayo humpata mtu dhidi ya mwingine, nayo huwa nyepesi, unaweza kuibeba hata kuifurahia. Hii haikuwa hiyo. Hii ilianza kwake mwenyewe, ikapita kwa wote aliowainamia sikioni kwa miaka kumi na moja, mmoja mmoja, nyuso zao anazikumbuka, ndipo ikageuka na kutazama meza iliyo karibu na mlango. Akasimama. Akavuka ukumbi. Hakuchukua kibao.

"Yule binti wa mikono ana homa," akasema. "Ana mimba na ana ugonjwa niliokuwa nao mimi. Apelekwe hospitali sasa hivi."

Bwana Dakika alitazama saa. "Mapumziko ni saa sita na nusu. Ataomba ruhusa."

"Sasa, bwana. Si saa sita."

"Mama Kola, rudi mahali pako. Kola zinalundikana."

"Barua yangu ilifika kwa meneja?"

"Itafika."

"Iko wapi?"

Pembe nyeupe ya barua ilikuwa inachungulia chini ya daftari, pale pale alipoiweka jana. Bwana Dakika aliona alichokiona Mama Kola. Na kwa kuwa alikuwa ameaibika, akatafuta wa kumgawia aibu yake. Akainua sauti.

"Mnataka nifanye nini? Niwafuate na ndoo? Watu wa umri wako wanavaa nepi, mama. Zipo madukani, za watu wazima. Nunua uvae, ukae, ushone. Hakuna atakayejua."

Wakati huo cherehani za mstari wa tatu zilikuwa zimepungua kelele, na neno "nepi" likafika mbali. Kwenye meza za kukatia vitambaa, upande wa wanaume, kijana mmoja aliguna akicheka.

Mama Kola akavuta barua yake chini ya daftari. Mkono wa Bwana Dakika ulitua juu ya mkono wake, ukaondoka. Hakuthubutu.

Mama Kola hakuwa msomaji hodari. Aliishia darasa la tano, na herufi ndogo zilimsumbua. Lakini barua hii alikuwa ameshaisoma mara nyingi kitandani. Akageukia ukumbi, akaikunjua, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kidole kikifuata.

"Mgonjwa huyu ana... maambukizi ya njia ya mkojo. Yamefika kwenye figo. Yametokana na kutokunywa maji. Na kuzuia mkojo. Kwa muda mrefu. Kazini." Akaishusha barua. "Huyo mgonjwa ni mimi. Mnaonijua mnanijua. Naungua nikikojoa. Nikipiga chafya yananitoka. Sikuupata kwa mwanamume yeyote, Kidomo, unasikia? Nimeupata hapa, kwenye kiti kile, nikishona kola. Na yule mtoto pale ana mimba na anaupata kwenye kiti kinachofuata, kwa sababu mimi nilimwambia asinywe maji. Mimi, kwa mdomo wangu. Nilimfundisha hivyo ili ninyi msichelewe jioni."

Cherehani zilizobaki zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mstari wa pili, wa nne, wa sita. Ukimya wa namna ile haukuwahi kusikika mle ndani mchana. Mgeni alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye meza, na Mama Pacha alikuwa ameshamfikia, amemshika mabega, anampa maji kwa mfuniko wa chupa ya Mama Kola, kidogo kidogo.

Ndipo Mzee Mkasi akakohoa.

Huyu alikuwa mkuu wa wakata vitambaa, mtu wa miaka sitini na zaidi, mtulivu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo lisilohusu sentimita. Aliweka mkasi wake mkubwa mezani.

"Mimi nina tezi," akasema. Akatazama mikono yake. "Tezi dume. Mwaka wa tatu. Nasimama chooni robo saa nzima, nangoja, kinatoka kijitone, nikifunga suruali kinatoka kingine. Mmekuwa mkisema Mzee Mkasi ana usingizi, kazi imemshinda. Sina usingizi. Naamka mara sita. Hapa kazini, kwa kuwa nasi wakata vitambaa tunaandikwa daftarini na robo saa haikubaliki, nina chupa nyuma ya majora ya kitambaa. Sasa mmejua. Na wewe unayecheka," akamgeukia yule kijana, "cheka sana, utafika."

Kijana hakucheka.

"Umekwenda hospitali, mzee?" akauliza Mama Kola, kwa upole, kama vile wako wawili tu.

"Naogopa watanipasua."

"Kamuone yule mama wa zahanati kwanza. Haumi."

Mlango wa ngazi ukafunguliwa. Meneja alishuka mbio, tai begani. Hakuitwa na mtu. Ule ukimya ndio uliomshusha, kama ambavyo mama hukimbilia chumba ambacho watoto wameacha kupiga kelele.

"Kuna nini? Kuna moto?"

"Upo, bwana," akasema Mama Pacha bila kuinua kichwa. "Wenyewe tunajua unapowaka." Na hapo, katikati ya yote, wanawake wakapasuka kicheko, kicheko kibaya chenye machozi ndani yake, ikabidi meneja asubiri.

Mama Kola akampa barua. Aliisoma mara moja, haraka, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Sikupata kuiona hii," akasema. "Kwa kweli sikujua."

"Hukujua nini, bwana?"

"Kwamba kuna tatizo la... la namna hii."

"Hukujua kwamba watu hukojoa?"

Hakukuwa na kicheko safari hii. Meneja akamwangalia Bwana Dakika, na Bwana Dakika akaangalia saa yake, kwa mazoea tu, maskini, maana hakuwa na mahali pengine pa kuangalia.

"Gari impeleke huyu dada hospitali," akasema meneja mwishowe. "Mara moja. Na wewe, mama, kuanzia leo unaruhusiwa kwenda wakati wowote. Wewe binafsi. Dakika zako hazitaandikwa."

Ilikuwa ndiyo hiyo ruhusa aliyoililia. Figo zake mwenyewe, kazi yake mwenyewe, jioni za wenzake zikiachwa salama, na hakuna wa kumnunia. Angeweza kusema asante akaketi.

"Hapana," akasema. "Sitaki ya kwangu peke yangu. Nikiichukua hiyo, kesho hawa watakaa na kiu waniangalie nikinywa. Mstari mzima. Na ya Mzee Mkasi. Mistari yote."

"Mama, kiwanda kina utaratibu. Tuna mashati elfu sita ya—"

"Basi yashone wewe," akasema mtu mwingine.

Alikuwa Kidomo. Amesimama kule mwisho wa mstari, vifungo vimejaa kiganjani, uso umemvimba. Alikuwa amekasirika kuliko wote, na huenda nusu ya hasira ile ilikuwa ya kujikasirikia. "Mama yangu ananingoja kila jioni nimlishe, nachelewa kwa ajili ya vibao vyenu, na nilikuwa namlaumu huyu! Huyu! Basi yashone wewe, bwana, na uyashone umebanwa."

Akaketi, akakunja mikono. Hakuna aliyeshika kitambaa.

Meneja alitazama mistari sita ya wanawake wasioshona, akatazama rundo la kola zisizo na mashati na mashati yasiyo na kola. Kisha akatangaza kwamba vibao vinasimamishwa. Kwa mwezi mmoja. Kwa majaribio.

Watu walipiga makofi. Mama Pacha alipiga, Mzee Mkasi alipiga, hata yule kijana. Mama Kola hakupiga. Alikuwa amemshika Mgeni upande mmoja, dereva upande wa pili, wanamtoa mlangoni taratibu, na akilini mwake neno moja lilikuwa linamkera kama uzi uliokwama kwenye sindano. Majaribio. Wanajaribu nini? Kama mwili utaendelea kukojoa?

"Usiniache, mama," akasema Mgeni kwenye gari.

"Mumeo ameshaitwa, atakukuta huko. Wakikuuliza, sema kila kitu, usione haya. Sema unaungua, sema mgongo. Na mwanangu." Alimshika shavu. "Nililokufundisha lilikuwa baya. Nisamehe."

"Hukujua, mama."

"Sikuuliza," akasema Mama Kola.

Saa nane mchana dereva alirudi na habari: Mgeni amelazwa, ametundikiwa dripu, homa inashuka, na moyo wa mtoto wameusikiliza unadunda vizuri. Wangemweka siku chache. Daktari huko alisema wamewahi. Dereva, mtu wa watu, aliirudia habari ile kwenye kila mstari bila kuombwa, mara sita, na mara zote sita aliongeza kwamba alimnunulia maji njiani na akayamaliza yote.

Cherehani zilikuwa zinalia tena. Mama Kola alimaliza kola aliyokuwa nayo mkononi, akaipitisha, akanywa chupa yake mpaka mwisho. Alipobanwa, alisimama. Hakuvuka ukumbi kupitia meza ya mtu. Alikatiza katikati ya mistari, njia fupi, akaingia chooni akafunga komeo.

Alikaa. Daktari alikuwa amemwambia asiharakishe, aache kibofu kimalizike chenyewe, halafu angoje kidogo tena. Hakuwahi kufanya hivyo mahali hapa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa anaingia mle kama mwizi. Bado palimuuma, ila si kama juzi. Hasira nayo ilikuwa bado ipo, nzima, na hakuona sababu ya kuiharakisha.

Mtu akagonga mlango kwa vidole viwili, kwa adabu.

"Mama Kola? Ni mimi, Kidomo. Samahani. Umemaliza?"

"Bado," akasema.